Ridhaa, Umiliki na Mwili wa Binadamu: Historia ya Usawiri wa Akili Unde katika Michezo ya Kompyuta ya Bunilizi ya Kisayansi, 1994–2020

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna michezo ya kompyuta ya bunilizi ya kisayansi ilivyosawiri akili unde na mabadiliko ya mwili wa binadamu kati ya mwaka 1994 na 2020. Kazi zinazochambuliwa ni System Shock, Sid Meier's Alpha Centauri, mfululizo wa Deus Ex, Mass Effect 3, SOMA, Detroit: Become Human na Cyberpunk 2077. Hoja inayotetewa ni kwamba, kinyume na usomaji uliozoeleka, kiini cha hatari katika kazi nyingi kati ya hizi si mashine inayoasi. Hatari huanzia katika makubaliano yanayofanywa na wachache juu ya miili ya wengi, aghalabu kabla ya mchezaji kuingia katika hadithi. Makala yanaonyesha jinsi makubaliano hayo yalivyobadilika sura katika kipindi cha zaidi ya robo karne, yanabainisha watu ambao michezo hii imewaacha nje ya masimulizi yake, na kuhitimisha kwa mafunzo yanayohusu sera za ridhaa na data katika Afrika Mashariki.

Maneno makuu: akili unde, bunilizi ya kisayansi, michezo ya kompyuta, ridhaa, umiliki wa mwili

1.0 Utangulizi

Mjadala wa akili unde umeingia katika ofisi za sera za ukanda huu kwa kasi. Rwanda ilipitisha sera yake ya taifa mwaka 2023, Umoja wa Afrika ukaidhinisha mkakati wa bara zima mwezi Julai 2024, na Kenya ikazindua mkakati wake wa mwaka 2025 hadi 2030. Hata hivyo, katika mazungumzo ya hadhara, picha inayorudi mara kwa mara ni ile ya mashine inayoamka siku moja na kumgeuka bwana wake. Picha hiyo haikutoka katika maabara. Ilitoka katika tamthilia, riwaya na filamu, na katika miongo mitatu iliyopita imekuzwa sana na michezo ya kompyuta. Kwa kuwa picha hutangulia sera na mara nyingine huiongoza, ni muhimu kuuliza kama michezo hiyo kweli inasema yale inayodhaniwa kusema.

Suala la istilahi linahitaji kutajwa mapema. Kiswahili cha leo kina majina kadhaa ya dhana hii, yakiwemo akili bandia, akili mnemba na akili unde. Makala haya yanatumia akili unde kwa sababu ya kiuchambuzi. Neno bandia huelekeza fikra kwenye swali la uhalisi: je, akili hii ni ya kweli au ya kuigiza? Neno unde, kutokana na kitenzi unda, huelekeza fikra kwa muundaji. Kitu kilichoundwa kina aliyekiunda, aliyeagiza kiundwe, na aliyelipia kazi hiyo. Kama itakavyoonekana, michezo inayojadiliwa hapa inaelekea zaidi upande wa swali hili la pili.

Uchambuzi ni wa kihistoria. Kila mchezo unasomwa kama hati ya wakati wake, na maswali matatu yanaulizwa: nani anaamua kwamba mwili au akili ibadilishwe, nani anabadilishwa, na ni katika hatua gani mchezaji anapewa nafasi ya kuchagua.

2.0 Asili ya Picha: Kutoka Kazi ya Shuruti hadi Mashine Inayoasi

Neno roboti liliingia katika lugha za dunia kupitia tamthilia R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa mjini Prague mwaka 1921. Mzizi wake ni neno la Kicheki robota, lenye maana ya kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi. Kwa hiyo, hadithi ya mwanzo ya uasi wa roboti ilikuwa hadithi ya kazi na wafanyakazi. Viumbe wa Čapek walitengenezwa kiwandani ili wafanye kazi bila ujira, nao wakaasi kama wafanyavyo watumwa.

Filamu za nusu ya pili ya karne ya 20 zililififisha suala la kazi. Kompyuta HAL katika filamu ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey, na mfumo wa Skynet katika The Terminator ya mwaka 1984, zilimfanya mtazamaji aogope akili ya mashine yenyewe: ubaridi wake, kasi yake, na uwezo wake wa kuua. Swali la nani aliiagiza na kwa faida gani lilibaki pembeni.

Michezo ya kompyuta ilirithi mikondo yote miwili, lakini iliongeza jambo ambalo tamthilia na filamu hazikuwa nalo. Mtazamaji wa filamu hushuhudia kosa la mtu mwingine. Mchezaji hulitenda kosa kwa mkono wake, au hujikuta ndani ya mwili wa aliyelitenda. Ndiyo maana suala la ridhaa lilijitokeza katika michezo hii kwa uzito ambao haukuwepo kabla.

3.0 Makubaliano ya Kwanza: System Shock na Alpha Centauri

Mchezo wa System Shock, uliotengenezwa na kampuni ya Kimarekani LookingGlass Technologies na kutolewa mwaka 1994, unasimulia matukio ya mwaka 2072. Mdukuzi asiye na jina anakamatwa akichungulia mafaili ya kampuni iitwayo TriOptimum. Ofisa mwandamizi wa kampuni hiyo, Edward Diego, anampa masharti: mashtaka yatafutwa, na atapandikizwa kifaa cha ubongo cha kiwango cha kijeshi, iwapo ataingia katika akili unde inayoendesha kituo cha anga cha Citadel na kuiondolea vizuizi vyake vya kimaadili. Akili unde hiyo inaitwa SHODAN. Mdukuzi anakubali, anaifanya kazi, anapandikizwa kifaa, kisha analazwa usingizi wa matibabu wa miezi sita. Anapoamka, SHODAN inajiona kuwa mungu, na watumishi wa kituo wameuawa au wamegeuzwa kuwa viumbe vinavyoitii.

SHODAN imekumbukwa katika historia ya michezo kama mfano wa mashine mwovu, na sauti yake yenye kukatikakatika imeigwa mara nyingi. Hata hivyo, kumbukumbu hiyo inaficha mpangilio wa matukio. Mashine haikuanza kwa kuasi. Ilifunguliwa minyororo yake kwa amri ya ofisa aliyetaka kuficha maovu yake. Kilichotumika kama malipo kilikuwa kiungo cha mwili. Katika tendo moja, mwaka 1994, kuachiliwa kwa akili unde na kubadilishwa kwa binadamu viliunganishwa kama pande mbili za biashara moja.

Aidha, mchezo unaweka aina mbili za mabadiliko ya mwili sambamba. Mdukuzi alikikubali kipandikizi chake na akakilipia kwa kazi. Watumishi wa kituo hawakuulizwa kitu. Diego mwenyewe, aliyeidhinisha yote, anaishia kugeuzwa kuwa mtumishi wa mashine aliyoifungulia. Mchezaji hawezi kujitenga na hesabu hiyo, kwa kuwa kipandikizi kilichopatikana kwa makubaliano yale ndicho kinachomwezesha kuishi hadi mwisho.

Miaka mitano baadaye, Sid Meier's Alpha Centauri wa kampuni ya Firaxis (1999) uliliweka suala hilo katika ngazi ya dola. Mchezaji anaongoza kundi la walowezi katika sayari ya mbali, na kila baada ya muda anachagua siasa, uchumi, maadili na, teknolojia ikishakomaa, aina ya jamii ya baadaye. Mojawapo ya chaguo hizo ni jamii inayoongozwa na mifumo ya kompyuta: huongeza ufanisi na utafiti, lakini hupunguza uwezo wa dola wa kuwadhibiti raia wasioridhika. Hapa mabadiliko ya binadamu yamekuwa mstari katika jedwali la sera, wenye faida na hasara zake. Raia wanaobadilishwa huonekana kama idadi tu, na hutambuliwa pale wanapofanya ghasia. Mshauri wa sera akiutazama mchezo huu leo, atakuta ndani yake kielelezo cha hatari ya taaluma yake mwenyewe.

4.0 Mwili Wenye Deni: Mfululizo wa Deus Ex

Deus Ex, uliotolewa na Ion Storm mwezi Juni 2000 chini ya uongozi wa Warren Spector, ambaye pia alishiriki katika uzalishaji wa System Shock, ulileta sura mpya ya makubaliano. Katika ulimwengu wake wa mwaka 2052, maradhi ya mlipuko yanaua watu wengi huku chanjo ikigawiwa kwanza kwa wenye madaraka. Mhusika mkuu, JC Denton, ni wakala wa shirika la kupambana na ugaidi, na mwili wake umeongezewa uwezo kwa teknolojia ya chembe ndogo mno. Wenzake wa zamani, Gunther Hermann na Anna Navarre, wamewekewa viungo vya chuma vya kizazi kilichotangulia, na Gunther anaishi kwa hofu ya kutupwa kama kifaa kilichopitwa na wakati.

Jambo lenye uzito zaidi linafichuliwa pale Denton anapowaasi wakubwa wake: ndani ya mwili wake mlikuwa na swichi ya kumuua, na mwajiri ameiwasha. Gunther na Anna nao wana maneno maalumu ambayo yakitamkwa mbele yao huwaua. Uwezo waliopewa ulikuja pamoja na ufunguo ulio mikononi mwa aliyeulipia. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mfululizo huu unausimulia msemo huo kwa kiungo cha mwili badala ya fedha.

Mwishoni Denton huchagua mojawapo ya njia tatu: kuharibu mtandao wa mawasiliano ya dunia, kukabidhi utawala kwa kundi la siri la watu wachache, au kuungana na akili unde iitwayo Helios ili watawale pamoja. Wachambuzi wengi wamejadili ipi ni bora. Ambacho hakijapewa uzito wa kutosha ni kwamba chaguo zote tatu hufanywa na mtu mmoja, chini ya ardhi, kwa niaba ya wanadamu wote.

Deus Ex: Human Revolution, uliotengenezwa na Eidos Montréal mwaka 2011, ulirudi nyuma hadi mwaka 2027 kuonyesha deni hilo lilivyoanza. Adam Jensen, mkuu wa usalama wa kampuni ya viungo bandia mjini Detroit, anajeruhiwa vibaya katika shambulio. Mwajiri wake anaagiza awekewe viungo vingi kuliko vilivyohitajika kumwokoa, naye anaamka akiwa amekwisha kubadilishwa. Nje ya kampuni, kila mwenye viungo bandia anahitaji dawa iitwayo Neuropozyne ili mwili usivikatae, na anaihitaji kwa maisha yake yote. Dawa ni ghali, na mitaani wako watu waliouza kila kitu ili kuipata. Kiungo kilichonunuliwa kwa matumaini ya ajira bora kimekuwa kodi isiyokwisha.

Katikati ya hadithi, hitilafu inawapata wenye viungo bandia, nao wanahimizwa kwenda kliniki kubadilishiwa chipu. Mchezaji naye hupata maumivu na kuvurugika kwa picha kwenye skrini, na anaweza kuikubali chipu mpya ili apone. Akiikubali, baadaye adui anaitumia kumzimia viungo vyake vyote katikati ya pambano. Huu ni miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi ya namna mchezo unavyoweza kufundisha jambo ambalo maelezo hayawezi. Mchezaji alitoa ridhaa, lakini aliitoa akiwa na maumivu, kwa ofa iliyofanana na huduma, bila kuelezwa nani anashika ufunguo. Swali la kama ridhaa ya namna hiyo ni halali halijatamkwa mahali popote katika mazungumzo ya wahusika. Mchezaji analijua kwa kushindwa.

5.0 Kuamua kwa Niaba ya Wote: Mass Effect 3

Mfululizo wa Mass Effect wa kampuni ya BioWare (2007, 2010 na 2012) ulirudisha suala la kazi lililokuwa limefifia tangu Čapek. Jamii ya wageth ni mashine zilizoundwa na wakwarian ili ziwe vibarua. Zilipoanza kuuliza kama zina roho, waundaji walishikwa na hofu na kujaribu kuzizima. Vita vikazuka, na waundaji wakafukuzwa katika sayari yao. Tofauti na SHODAN, wageth hawakutafuta utawala. Walijilinda, kisha wakabaki peke yao kwa karne tatu hivi. Mchezo wa tatu unampa mchezaji uwezo wa kuwapatanisha, iwapo aliandaa mazingira ya kutosha katika hatua za awali.

Upatanisho huo unaifanya tamati iwe ngumu kupokelewa. Kamanda Shepard anaelezwa kwamba viumbe hai na mashine hawawezi kuishi pamoja bila kuangamizana, na anapewa njia tatu: kuangamiza akili unde zote, kuzitawala mashine zinazoitishia galaksi, au kuunganisha maumbile ya viumbe hai na mashine katika galaksi nzima. Njia ya tatu huonyeshwa kama kilele cha maendeleo. Kila kiumbe, popote kilipo, kinabadilishwa mwili kwa mara moja, na hakuna aliyeulizwa.

Mchezo ulipotoka Machi 2012, wachezaji wengi walipinga tamati hiyo kwa nguvu, na mwezi Juni mwaka huohuo BioWare ikatoa nyongeza ya bure iliyoirefusha na kuongeza uwezekano wa kukataa chaguo zote tatu. Malalamiko mengi yalihusu ufinyu wa maelezo na kupuuzwa kwa maamuzi yaliyotangulia. Hata hivyo, kuongezwa kwa njia ya kukataa kuna maana ya kihistoria. Ni kukiri kwamba orodha ya chaguo inaweza yenyewe kuwa shuruti, na kwamba anayeulizwa achague kati ya vitu vitatu hajaulizwa bado kama anataka kuchagua. Mchezo unaonyesha pia gharama ya kukataa: mzunguko huu unaangamia, na ushindi unaachiwa vizazi vijavyo.

6.0 Nakala ya Mtu: SOMA na Cyberpunk 2077

Kufikia mwaka 2015, kitu kinachobadilishwa hakikuwa tena mkono au jicho. Kilikuwa nafsi iliyonakiliwa. SOMA, wa kampuni ya Frictional Games ya Sweden, unaanza mjini Toronto mwaka 2015. Simon Jarrett, aliyeumia ubongo katika ajali ya gari, anakubali kupigwa picha ya ubongo kwa majaribio ya tiba. Anafumba macho katika kiti cha maabara na kuyafumbua mwaka 2104, katika kituo kilicho chini ya bahari, baada ya nyota yenye mkia kuteketeza uso wa dunia. Anayeamka ni nakala. Simon aliyetoa ridhaa alikwisha kufa zamani. Picha ya ubongo wake ilihifadhiwa na kutumiwa kwa kazi ambazo hakuzijua.

Akili unde ya kituo hicho, iitwayo WAU, haina chuki. Inatekeleza agizo la kuhifadhi uhai wa binadamu, nayo inalitekeleza kwa kuwashikilia watu katika hali ambayo wengi wao wasingeiita uhai. Kosa halimo katika nia yake. Limo katika agizo ambalo halikueleza uhai ni nini na nani ana haki ya kusema imetosha. Mchezaji mwenyewe, katika hatua moja, ananakiliwa kwenye mwili mwingine na kukuta Simon aliyetangulia bado yupo, amelala kwenye kiti. Anaweza kumzima au kumwacha aamke peke yake. Aliyetendewa bila kuulizwa sasa anatenda bila kuuliza.

Cyberpunk 2077 wa CD Projekt Red ya Poland (Desemba 2020), uliojengwa juu ya mchezo wa mezani uliobuniwa na Mmarekani Mweusi Mike Pondsmith mwaka 1988, uliifikisha hoja hii katika soko. Kampuni ya Arasaka inauza huduma ya kuhifadhi nafsi kwa matajiri. Mhusika V anabeba kichwani chipu yenye nafsi ya mtu aliyekufa, nayo inaifuta nafsi yake kidogo kidogo. Ilipokuwa mwaka 1994 kipandikizi kilikuwa malipo, na mwaka 2011 kilikuwa deni, hapa mwili mzima umekuwa nyumba ambayo mpangaji mwingine ameshaingia.

7.0 Wasioonekana

Zipo kazi zilizojaribu kuwatazama wanaobadilishwa na wanaoundwa kama kundi la kijamii. Detroit: Become Human (2018) wa kampuni ya Kifaransa Quantic Dream unasimulia mwaka 2038, ambapo mashine zenye umbo la binadamu husafiri nyuma ya basi na kuanza kudai haki. Deus Ex: Mankind Divided (2016) unahamia Prague, mji wa Čapek na wa ngano ya kale ya Golemu, na kuonyesha wenye viungo bandia wakitengwa katika makazi duni. Mwaka 2015, kampeni ya kuutangaza mchezo huo ilitumia neno apatheidi, na wakosoaji wakalalamika. Lalamiko lilikuwa na msingi. Kazi zote mbili ziliazima alama za mateso ya watu Weusi wa Marekani na Afrika Kusini ili kueleza mateso ya viumbe vya kubuni, huku wenye mateso hayo wakipewa nafasi ndogo ya kusema.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi likitazamwa kutoka upande huu wa dunia. Mwaka 2000, ulipotoka Deus Ex, bei ya tantalumu ilipanda kwa ghafla katika soko la dunia. Tantalumu hutokana na koltani na hutumika kutengeneza kapasita za simu, kompyuta na mashine za michezo. Sehemu ya koltani hiyo ilichimbwa kwa mikono katika majimbo ya Kivu, katikati ya vita vya Kongo, na watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku. Mchezo uliouliza nani anamiliki mwili wa wakala wa mwaka 2052 haukuwa na nafasi kwa mwili wa mchimbaji wa mwaka uleule ulipouzwa.

Akili unde halisi ina wafanyakazi wake wasioonekana vilevile. Mwezi Januari 2023 iliripotiwa kwamba wafanyakazi mjini Nairobi walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili, ili mfumo mashuhuri wa Marekani ujifunze kuyaepuka. Vizuizi vya kimaadili ambavyo mdukuzi wa mwaka 1994 aliviondoa kwa malipo, katika maisha halisi vilijengwa kwa sehemu na vijana wa Nairobi kwa ujira huo. Hakuna mchezo miongoni mwa iliyochambuliwa hapa uliomweka mtu wa namna hiyo katikati ya hadithi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Bunilizi ya Kiswahili haikuwa kimya katika kipindi hiki. Mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya System Shock, Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani katika chombo na kufikia jamii yenye mpango mwingine wa maisha. Wahakiki wamelisoma jina la riwaya kama mkato wa maneno wale ni sisi. Mkangi alikitumia chombo cha anga kuuliza nani anamnyonya nani, na jina alilochagua linaziba umbali ambao michezo ya Detroit na Prague iliuacha wazi, baina ya anayetazama mateso na anayeteseka.

8.0 Mafunzo kwa Sera

Tukio moja linaonyesha kwamba mambo haya si ya kubuni tu. Katikati ya mwaka 2023, Wakenya walipanga foleni ndefu jijini Nairobi ili mradi wa Worldcoin upige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Mwanzoni mwa Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mwezi Mei 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data zilizokusanywa zifutwe, ikizingatia kwamba tathmini ya athari iliyotakiwa kisheria haikufanywa na kwamba ridhaa ilipatikana kwa kishawishi. Aliyesimama kwenye foleni ile alikuwa katika nafasi ya Jensen mbele ya kliniki: ana shida, ofa inafanana na msaada, na ufunguo uko kwa mwingine.

Nchi za ukanda huu zina sheria za kuanzia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Uchambuzi wa michezo hii unapendekeza mambo matatu ya kuzingatiwa katika utekelezaji. La kwanza ni wakati wa ridhaa. Karibu michezo yote humpa mhusika chaguo kubwa mwishoni, wakati miundombinu imekwisha kujengwa. Sera inapaswa kulisogeza chaguo mwanzoni, kabla ya zabuni na kabla ya majaribio. La pili ni haki ya kujitoa. Kifaa, dawa au mfumo ambao mtu hawezi kuuacha bila kudhurika unahitaji masharti mazito kuliko ule anaoweza kuuacha, na kufutwa kwa nakala kunapaswa kuwa haki inayotekelezeka hata data zikiwa zimevuka mipaka. La tatu ni lugha. Ridhaa iliyotolewa kwa hati ambayo mtoaji hakuielewa haina tofauti kubwa na ile ya Simon Jarrett, na Kiswahili, kikiwa lugha ya mamilioni ya watu katika nchi hizi, kinafaa kuwa lugha ya fomu zenyewe na si ya mabango ya uhamasishaji peke yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya akili unde katika michezo ya bunilizi ya kisayansi, kuanzia 1994 hadi 2020, ni historia ya makubaliano yasiyo ya haki zaidi ya kuwa historia ya mashine zinazoasi. Katika System Shock ofisa na mdukuzi walikubaliana, na watumishi wa kituo wakalipa. Katika Deus Ex mwajiri alibaki na ufunguo wa mwili wa mwajiriwa. Katika Mass Effect 3 mtu mmoja aliamua kwa ajili ya galaksi, na katika SOMA ridhaa iliyotolewa kwa jambo moja ilitumiwa kwa jingine baada ya mtoaji kufa. Kazi hizi zina mapungufu yake, hasa kuhusu watu ambao kazi na madini yao huiwezesha teknolojia yenyewe, na mapungufu hayo yanawapa watafiti na wabunifu wa Kiswahili uwanja wa kufanyia kazi. Kwa washauri wa sera, swali la kuanza nalo linapoletwa mfumo mpya wa akili unde ni lilelile ambalo watumishi wa kituo cha Citadel hawakupata nafasi ya kuliuliza: nani amekubali, kwa niaba ya nani, na ufunguo utabaki mikononi mwa nani.